Mke Mwenza Mwenye Silinda Kumi na Mbili

Mtu anayepiga pasi shuka mia kwa siku huwasoma watu kupitia nguo zao. Kola yenye mafuta ya nywele, mfuko uliotobolewa na funguo, doa la chai upande wa kushoto la yule anayekunywa huku anasoma gazeti, yote huja pale mezani na kujieleza yenyewe. Kimya alikuwa amepiga pasi miaka minne katika nyumba ya kufulia ya mama yake mdogo. Katika miaka hiyo aliona mengi na kusema machache, ndiyo maana wafuaji wenzake wakampa jina hilo, na yeye akalipokea bila kusema kitu.

Basi yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukishuku kitambaa cha mkono cha Baba Mdogo.

Baba Mdogo, mume wa Mama Mdogo, alikuwa amestaafu ukaguzi wa bima. Kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa kutazama magari ya watu yaliyobondeka na kusema yamebondeka kiasi gani. Siku alipopewa kiinua mgongo chake, alitoka asubuhi kwenda kununua mashine mpya ya kufulia, kama walivyokubaliana na mkewe. Jioni akarudi na gari la michezo. Lilikuwa jekundu, la watu wawili, limelala chini kama mjusi anayeota jua, na chini ya boneti lilikuwa na injini ya silinda kumi na mbili.

"Anaitwa Malkia," alisema.

Mama Mdogo alilizunguka mara mbili, mikono kiunoni. "Shuka zitaingia wapi?"

"Hili si gari la shuka, mke wangu."

"Ndicho ninachouliza."

Tangu siku hiyo Mama Mdogo akaliita mke mwenzangu. Kila asubuhi, akimimina chai, alimuuliza mumewe, "Mke mwenzangu ameamkaje? Amekunywa?" Na kwa kuwa mke mwenza alikuwa amepatikana, ile pikapu kuukuu ya kupelekea shuka ikapata jina la Bi Mkubwa. Bi Mkubwa alikuwa na turubai lenye viraka saba, na mlango wake wa abiria ulifungwa kwa kamba ya kuanikia nguo. Lakini aliamka kila siku, akabeba marobota ya shuka na taulo hadi kwenye nyumba tatu za wageni, akarudi na machafu.

Kimya alikuwa na jambo lake na Bi Mkubwa. Dereva wa pikapu alikuwa ameacha kazi, akaenda kuendesha malori. Mama Mdogo akashika usukani mwenyewe, ila goti lake lilikuwa bovu, na kila alipokanyaga klachi alikunja uso kama anayelamba ndimu. Siku moja akamwambia Kimya, "Jifunze. Ukifaulu mtihani wa udereva, usukani ni wako, na pasi nitaitafutia mtu mwingine." Kimya akaitikia kwa kichwa tu. Lakini kibali chake cha mwanafunzi alikikunja mara nne akakiweka mfuko wa aproni, na kila saa alikuwa akikigusa kuona kama kipo. Miaka minne alikuwa amesimama mahali pamoja ndani ya mvuke. Sasa alitaka kukaa chini na kuona barabara ndiyo inayotembea. Mtihani ulikuwa umebakiza wiki mbili.

Hapo ndipo fundi wa magari alipoleta karatasi yake.

Baba Mdogo aliisoma mezani, Jumapili, kwa sauti ya mtu aliyepewa majibu ya hospitali. Oili, lita kumi. Tairi nne za mpira laini. Plagi, moja kwa kila silinda, maana yake kumi na mbili. Pedi za breki.

"Fundi anasema bei ya hizo breki unapata pikapu nyingine kama ile," alisema.

"Pedi tu?" aliuliza Mama Mdogo. "Au na mguu wa kuzikanyagia?"

"Nimefikiri sana. Bi Mkubwa tumuuze. Yule mwenye duka la magodoro anamtaka, Jumamosi anakuja kumchukua. Malkia atahudumiwa, na Malkia atapeleka shuka."

Mama Mdogo akaweka kijiko chini. Kimya, upande wa pili wa meza, akashika mfuko wa aproni.

"Kwa mafuta gani?" aliuliza Mama Mdogo.

Baba Mdogo akatabasamu, kwani swali hilo ndilo alilokuwa akilingoja. "Lita sita kwa kilomita mia. Sisemi mimi, inasema kompyuta yake. Pikapu inakunywa kumi na moshi juu. Waulize wafuaji wako, wote wameona kwa macho."

Na kweli walikuwa wameona. Nyumbani kwao kulikuwa juu ya kilima, na nyumba ya kufulia ilikuwa chini kabisa, kilomita nne za mteremko mtupu. Kila asubuhi saa mbili Baba Mdogo aliteremka na Malkia akinguruma taratibu, akasimama langoni, akafungua mlango na kuita, "Njooni muone." Wafuaji walitoka na mapovu mpaka viwikoni, wakainama mmoja mmoja, wakatazama kioo kidogo kwenye dashibodi. Sita. Silinda kumi na mbili, lita sita. Hata wateja waliitwa. Hakuna aliyewahi kuitwa jioni, kule juu.

Sasa turudi kwenye kitambaa. Baba Mdogo alikuwa na vitambaa sita vya mkono, vyote vyeupe, lakini kimoja chenye ukingo wa buluu kilikuwa kinakuja kwenye pasi kimepauka nusu, kama kilichokaa juani, na pembe zake mbili zina alama za meno ya vibanio vya nguo. Hakikuwa na kamasi hata siku moja. Kimya akajiuliza ni nani anayebana kitambaa asichopengea. Hakumuuliza mtu, akangoja.

Jioni moja, kabla ya Jumapili ile, Mama Mdogo alichelewa kwa mteja, na Kimya akapanda na Baba Mdogo. Kabla ya kuanza kilima, Baba Mdogo akatoa kitambaa chenye ukingo wa buluu, akakibana juu ya kile kioo kwa vibanio viwili.

"Mwanga unaniumiza macho," alisema.

Jua lilikuwa nyuma yao.

Kesho yake asubuhi, akifungua geti kule juu, Kimya alimwona akibonyeza kitufe kidogo karibu na usukani kabla ya kuondoka. "Naisafisha kompyuta," alisema Baba Mdogo bila kuulizwa. "Fundi kanifundisha. Inaanza hesabu upya." Kimya akajitia hamnazo, lakini sasa alikuwa ameelewa. Kompyuta ilifutwa juu, ikahesabu mteremko, ikasifiwa chini, kisha ikafunikwa uso wakati wa kupanda. Baba wa watu hakuwa mwongo. Alikuwa amejidanganya yeye kwanza, akaja kuwagawia wengine kilichobaki.

Angeweza kuyasema hayo pale mezani. Lakini alikuwa anakula chakula cha mzee huyo, na kumvua nguo mtu mbele ya mkewe si kazi ya mpiga pasi. Akajikaza kisabuni, akasema, "Kule kazini, nikitaka kujua boila imekula mafuta kiasi gani, asubuhi najaza mpaka kwenye alama. Jioni najaza tena mpaka alama ile ile. Kilichoingia jioni ndicho kilicholiwa."

Wote wawili wakamgeukia. Hakuwahi kusema maneno mengi kiasi hicho mwezi mzima.

"Umesikia mtoto," alisema Mama Mdogo. "Alhamisi Bi Mkubwa atapeleka shuka, Ijumaa mke mwenzangu. Shuka zile zile, nyumba zile zile. Wanajazwa kwenye pampu ya mafuta ya hapa juu kabla ya safari na baada ya safari. Mke mwenzangu akinywa kidogo, mtu wa magodoro aje amchukue Bi Mkubwa. Akinywa zaidi, pikapu inabaki na nisisikie tena habari za lita sita."

"Nakubali," alisema Baba Mdogo, na akaongeza chai kwa furaha.

Alhamisi Kimya aliendesha, Mama Mdogo pembeni. Gia ilikwaruza mara mbili, na mara zote mbili Mama Mdogo alitazama nje dirishani kama asiyesikia. Marobota kumi na mawili yaliingia nyuma kwa safari moja. Jioni, kule juu, dada wa pampu akajaza tangi, akaandika kwenye kiganja chake kwa kalamu: lita tatu na nusu.

"Na kesho namjaza Kiu?" aliuliza. Hilo ndilo jina alilompa Malkia, kwa kuwa yeye ndiye aliyemnywesha.

"Kesho," alisema Mama Mdogo. "Acha nafasi kwenye kiganja."

Ijumaa asubuhi Baba Mdogo alitoka amevaa kandambili. Viatu, alisema, ni uzito. Ndani ya Malkia alikuwa ametoa jeki, spana, mazulia ya chini, na hata kile kitabu kinene cha maelekezo. Hakuwa amekunywa chai. Alimtazama Kimya anavyoingia.

"Umekula nini?"

"Chai na mkate."

"Mkate mzima?"

"Vipande viwili."

Akavuta pumzi. "Kesho ungekula."

Marobota kumi na mawili yalikuwa yamepangwa chini langoni. Mawili yaliingia kwenye buti, na la pili likaingia kwa magoti. Moja likawekwa miguuni pa Kimya, moja akalipakata mpaka likamfikia puani. Yakabaki manane.

"Safari tatu," alisema Mama Mdogo kutoka langoni.

"Hatuhesabu safari, tunahesabu lita," alijibu mumewe, na kitambaa kilikuwa tayari kimebanwa juu ya kioo.

Kiyoyozi kilizimwa kwa sababu kinakula mafuta. Madirisha yalifungwa kwa sababu Baba Mdogo alikuwa amesoma mahali kwamba upepo ukiingia unalivuta gari nyuma. Wakakaa humo kama ndani ya boila. Kimya aliinua kidevu njia nzima jasho lake lisidondokee shuka za watu. Kila barabara ilipoinama kidogo, Baba Mdogo aliondoa gia akaacha gari liserereke, midomo ikimtetemeka kama anayeomba. Magari ya nyuma yalipiga honi. Mwenye baiskeli akawapita, akageuka kutazama gari lile kwa huruma.

Kwenye nyumba ya kwanza ya wageni mlinzi alipiga saluti. Meneja akaarifiwa kwamba kuna mtu mkubwa kafika, akatoka mbio akifunga vifungo vya koti. Mlango ukafunguka, likashuka robota la shuka, na nyuma ya robota akatokea Kimya.

"Mzigo wenu," alisema.

Meneja akatazama gari, akatazama shuka, akatazama kandambili za dereva. "Mmepandisha bei?" aliuliza.

Katika safari ya pili walipita kwenye tuta la barabara. Malkia akakwaruza tumbo, dashibodi ikatikisika, kibanio kimoja kikaruka, na kitambaa kikaning'inia upande. Kwenye kioo kulikuwa na namba, kubwa, ya kijani. Ishirini na tisa.

Wote wawili wakaitazama. Njia ilikuwa imenyooka, hakuna hata kona ya kusingizia.

"Hiyo ni halijoto," alisema Baba Mdogo.

"Ndiyo, Baba Mdogo," alisema Kimya, na akarudisha kitambaa mahali pake, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa karibu na kibanio.

 Lakini jinsi Baba Mdogo alivyoshika usukani ilikuwa imebadilika. Asubuhi aliushika kwa vidole viwili, sasa aliushika kama mtu aliyeshikilia mlango usifunguliwe.

Saa kumi jioni walisimama langoni pa nyumba ya kufulia. Shuka zote zilikuwa zimefika. Kilichobaki kilikuwa kupanda kilima hadi pampuni. Baba Mdogo akazima injini, akashuka, akakitazama kile kilima toka chini mpaka juu.

"Kazi ilikuwa kupeleka shuka," alisema. "Kupanda kilima si kupeleka shuka."

"Pampu iko juu," alisema Mama Mdogo. "Na Bi Mkubwa jana alipanda."

Wafuaji walikuwa wameacha mabeseni, wamekuja kusimama ukutani. Baba Mdogo akazunguka gari lake polepole, mikono nyuma, vile alivyokuwa akizunguka magari yaliyobondeka enzi za kazi yake. Mara uso ukamng'aa.

"Bi Mkubwa amvute."

Mfuaji mmoja akafunga bomba ili asikie vizuri.

"Unataka pikapu ivute gari lako," alisema Mama Mdogo, "ili tuone kama gari lako linashinda pikapu."

"Ili kuokoa mafuta. Masharti hayakukataza."

Mama Mdogo alimtazama vile anavyotazama doa asilojua limetokana na nini. Kisha akacheka, cheko fupi la puani. "Haya. Leteni kamba nene. Kimya, shika usukani. Kwa goti hili mimi sivuti Malkia wa mtu."

Kimya akagusa kibali mfukoni. Akapanda. Mama Mdogo akafunga mlango wa pembeni kwa kamba ya nguo. Kwenye kioo cha nyuma lilionekana lile gari jekundu, na ndani yake Baba Mdogo amekaa wima, amevaa miwani ya jua.

Kilomita tatu za kwanza zilikwenda salama, gia ya kwanza na ya pili. Watu walitoka madukani kutazama. Kinyozi alitoka na mteja wake aliyenyolewa nusu kichwa. Halafu, pale kilima kinapokaza zaidi, mkokoteni wa taka ulikuwa umevunjika gurudumu, umeziba njia nzima.

Kimya akasimama. Akavuta handibreki mpaka ikalia. Nyuma, kamba ilikuwa imekaza kama uzi wa kuanikia, na nyuma ya Malkia kulikuwa na lori, na lori lilikuwa linapiga honi. Mama Mdogo aliangalia mbele. Mkono ulikuwa umeshika goti lake.

Mkokoteni ukasogezwa. Kimya akakanyaga klachi, akaingiza gia ya kwanza. Hapa ndipo kila mwanafunzi hurudi nyuma. Lakini yeye alikuwa na masikio ya mpiga pasi, masikio yanayojua kwa mlio tu kwamba chuma kimefika joto lake na kitambaa hakijaungua. Akaachia klachi kidogo kidogo, akasikiliza injini ikishusha sauti, ikishusha, mpaka Bi Mkubwa akatetemeka mwili mzima na kuinua pua. Hapo ndipo akaachia handibreki. Hawakurudi nyuma hata unene wa kidole. Bi Mkubwa akakohoa moshi mweusi, akaanza kupanda.

"Mm," alisema Mama Mdogo. Hilo tu.

Pale pampuni alikuwa amesimama mtu na kijiti cha meno mdomoni, mikono mfukoni. Ni mwenye duka la magodoro. Alikuwa amekuja siku moja kabla kuichungulia pikapu, na alikuwa ameona kilima chote.

"Kiu amekufa?" aliuliza dada wa pampu.

"Hajafa," alisema Mama Mdogo, "anabana matumizi."

Dada akaingiza bomba. Namba zikaanza kukimbia. Tano. Tisa. Kumi na mbili. Baba Mdogo alivua miwani. Kumi na tano. Wafuaji wawili waliokuja nyuma ya pikapu wakaanza kuhesabu kwa sauti, na Mama Mdogo akawatazama wakaacha. Tangi lilipojaa, dada akafungua kiganja, chini ya tatu na nusu ya jana akaandika kumi na tisa.

"Amekuja kwa kamba, na bado kumi na tisa," alisema. "Mwenye gari, hongera."

"Pampu yako inakwenda haraka mno," alisema Baba Mdogo, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

Mwenye magodoro akatoa kijiti mdomoni, akapiga ubavu wa Bi Mkubwa kwa kiganja kama anayepiga ng'ombe mnadani. "Mzee, bei tuliyoongea isahau. Naongeza nusu yake. Pikapu inayovuta gari kama hili kilima hiki sijaiona. Nipe kadi niondoke nayo leo leo."

Kimya alikuwa bado amekaa kwenye usukani. Vidole vyake vikakaza. Mapatano yalikuwa mapatano, lakini kadi ya pikapu ilikuwa na jina la Baba Mdogo, na hiyo bei mpya ingelipa breki, tairi, oili na plagi zote.  Mama Mdogo alimwacha mumewe ajibu mwenyewe.

Baba Mdogo akamtazama mnunuzi. Akamtazama Malkia, kamba bado shingoni. Akageuka akatazama kilima alichotoka kupanda bila kuunguza hata tone, kilima ambacho kesho asubuhi angekiteremka, na kesho jioni kingekuwa palepale.

"Ukiichukua," alisema polepole, "kesho nani atanipandisha?"

"Si una gari?"

"Ninalo. Ndiyo maana siwezi kuuza pikapu."

Mnunuzi akarudisha kijiti mdomoni, akangoja kuona kama ni mzaha. Haukuwa mzaha. Akaondoka zake akitikisa kichwa. Kimya akashusha mikono kwenye usukani, akaona viganja vyake vimeacha alama mbili za jasho, akazifuta kwa aproni.

Na hivyo ndivyo walivyoishi baada ya hapo. Baba Mdogo aliuza saa yake ya kustaafia akanunua pedi za breki, kwa maana gari linaloteremka tu linahitaji breki kuliko kitu kingine chochote. Plagi ananunua moja kila mwezi, mwaka ukiisha atakuwa amemaliza zote. Malkia anashuka Jumamosi kwa Jumamosi, anaegeshwa langoni, na jioni anavutwa kwa kamba kurudi nyumbani. Kitambaa chenye ukingo wa buluu kimerudi kwenye kazi yake ya kupengea. Na kwa kuwa siku hizi anaserereka bila gia, ile namba imeshuka mpaka nne.

"Njooni muone," anaita Baba Mdogo, na wafuaji wanatoka na mapovu yao, wanainama, wanaona.

"Mke mwenzangu ametulia," anasema Mama Mdogo. "Kumbe alikuwa anataka kubebwa tu."

Siku ya mtihani, mtahini alipanda Bi Mkubwa pamoja na Kimya, akampeleka kwenye kilima kile kile. Alikuwa mtu mkavu, mwenye ubao wa karatasi na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Katikati ya kilima akamwambia asimame.

"Sasa ondoka. Ukirudi nyuma, umefeli."

Kimya akavuta handibreki, akatazama kioo cha nyuma. Akatazama tena. Akakaa anatazama.

"Unangoja nini?"

"Samahani," alisema Kimya. "Napanda hivi hivi? Bila kitu nyuma?"

Mtahini alimkodolea macho, kisha akainamia ubao wake kuandika. Alipoinua kichwa, Bi Mkubwa alikuwa ameshafika juu.